Vizibo vitatu kwenye ubao wa drafti

Ni vigumu kupita barabara ya Kidatu kwenda Ifakara usikute ubao wa drafti. Mang'ula, Kisawasawa, Kiberege, Kibaoni, kila penye kijiwe upo: visanduku 64 vya rangi mbili, na kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimefunuliwa na vya yule vimefunikwa. Ubao huohuo, bila kuongezwa hata mstari mmoja, ndio unaochezewa sataranji duniani kote. Hoja yangu ni kwamba shule za msingi za Kiberege, na za bonde zima la Kilombero, ziingize sataranji darasani kupitia ubao huo, na zianze na kipande ambacho kwa kawaida hufundishwa mwishoni au huachwa kabisa: mfalme na kitunda kimoja dhidi ya mfalme aliyebaki peke yake. Kete tatu tu. Swali nalo ni moja: kete zikiwa zimesimama hivi, na zamu ikiwa ya fulani, mchezo huu unaisha kwa ushindi au kwa sare? Nalichagua swali hili kwa sababu ni miongoni mwa machache ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kulijibu akiwa na hakika kamili. Halihitaji akumbuke alichoambiwa. Anahesabu mwenyewe, anafika, kisha anamwonyesha njia yake yeyote anayebisha, mwalimu akiwemo.

Kanuni zinazohitajika zinaelezeka kwa dakika chache. Mfalme husogea kisanduku kimoja kwa zamu, upande wowote, hata kimshazari, ila haruhusiwi kukanyaga panapotishiwa. Ndiyo maana wafalme wawili hawawezi kusimama bega kwa bega. Kitunda, yaani ile kete ndogo ya mbele, husogea mbele tu, kisanduku kimoja kimoja, isipokuwa kikiwa bado mahali pake pa kuanzia ndipo kinaweza kuruka viwili. Na hula kimshazari. Kikifika mstari wa mwisho hugeuka malkia, kama kete ya drafti inavyoingia kingi, na mfalme mwenye malkia humfunga mfalme mtupu bila shida. Kwa hiyo swali lote la ushindi au sare linabaki kuwa hili: je, kitunda kitafika? Visanduku tuviite kwa herufi na namba, kama wanavyofanya wachezaji wote: herufi a mpaka h kutoka kushoto kwenda kulia, namba 1 mpaka 8 kutoka chini kwenda juu. Nyeupe wana kitunda na wanapanda. Nyeusi wana mfalme pekee na wanazuia.

Tuanze na mbio tupu. Kitunda cheupe kiko h4, mfalme mweupe yuko mbali a1, hawezi kusaidia chochote. Mfalme mweusi yuko c4. Mtoto anaweza kuhesabu hatua moja baada ya nyingine, na mwanzoni afanye hivyo, lakini baada ya mara chache ataona kuna njia fupi. Chora mraba ambao ubavu wake ni safari ya kitunda, kutoka h4 mpaka h8, visanduku vitano kwa vitano, pembe zake h4, h8, d8 na d4. Mfalme mweusi akiweza kuingia ndani ya mraba huo kwa zamu yake, anakikamata kitunda, asipoweza, amekikosa. Yuko c4, hatua moja nje. Ikiwa zamu ni yake, anaingia d5, kitunda h5, mfalme e6, kitunda h6, mfalme f7, kitunda h7, mfalme g7, na malkia akizaliwa analiwa palepale. Ikiwa zamu ni ya nyeupe, kitunda kinatangulia h5, mraba unapungua, na mfalme anafika f7 huku malkia akizaliwa h8. Kete ni zilezile, mahali ni palepale, na matokeo yamegeuka kwa sababu ya zamu peke yake. Hapo mtoto amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hulisahau wanapobishana: swali lisilotaja zamu ni ya nani halijakamilika, na haliwezi kujibiwa.

Mbio ni sehemu nyepesi. Uzito unaanza wafalme wote wawili wakiwa karibu. Mweke mfalme mweupe e4, kitunda chake nyuma yake e3, na mfalme mweusi e6. Wafalme wanatazamana, kati yao pamebaki kisanduku kimoja ambacho hakuna awezaye kukikanyaga. Anayetakiwa kusogea hapa ndiye aliyeumia, kwa kuwa lazima apishe. Ikiwa zamu ni ya nyeusi, mfalme wake akienda d6, mweupe anapita f5. Akienda f6, mweupe anapita d5. Visanduku d5, e5 na f5 ndivyo milango ya kitunda kilichoko e3: mfalme mweupe akikanyaga kimojawapo, kitunda kitafika, hata nyeusi wacheze vizuri namna gani. Ikiwa zamu ni ya nyeupe, hali inageuka. Mfalme mweupe akienda d4, mweusi anamfuata d6. Akienda f4, mweusi anakwenda f6. Mlango haufunguki, na kitunda hakiwezi kusogea kwa kuwa mwenyewe amekizibia njia. Ni sare. Sasa badilisha kitu kimoja tu: kirudishe kitunda nyuma, kutoka e3 mpaka e2, wafalme wabaki walipo na zamu ibaki ya nyeupe. Mtu yeyote atadhani nyeupe wamezidi kuharibikiwa, kwa kuwa kitunda sasa kina safari ndefu zaidi. Ukweli ni kinyume. Nyeupe wanasogeza kitunda e3, mfalme wao habanduki, na zamu imehamia kwa nyeusi, ambao sasa wanalazimika kupisha. Kitunda kilichobaki nyuma kilikuwa na hatua moja ya akiba, na hatua hiyo ndiyo ushindi.

Mfano huo mmoja ungetosha kuitetea hoja yangu yote. Akili ya kawaida inasema aliyetangulia ndiye mwenye nafuu. Hesabu inasema hapana, na inaonyesha kwa nini, na hakuna haja ya mtu mkubwa kuja kuamua. Ubao hauna upendeleo: mtoto akisema "sare" na mwenzake akisema "ushindi", wanakaa, mmoja anashika nyeupe, mwingine nyeusi, wanajaribu kila njia, na baada ya robo saa mmoja wao amenyamaza kwa sababu njia zimemwishia. Sijui somo jingine la shule ya msingi ambalo ubishi wa watoto wawili unaweza kumalizwa na watoto wenyewe kwa haki namna hiyo.

Kuna vipengele viwili zaidi vya kutajwa, kwa sababu ndivyo vinavyowanasa hata wachezaji wa miaka mingi. Katika drafti, asiye na pa kusogea ameshindwa. Katika sataranji, mfalme asiyetishiwa lakini hana pa kukanyaga ameokoka; mchezo ni sare. Ndiyo maana kitunda kinaweza kufika hatua moja kabla ya mwisho na bado kisilete chochote. Kitunda e6, mfalme mweupe d6, mfalme mweusi e8. Zamu ikiwa ya nyeupe, kitunda kinasogea e7 bila kumtishia mfalme, mweusi analazimika kutoka f7, mweupe anaingia d7, na kazi imekwisha. Zamu ikiwa ya nyeusi, mfalme anakwenda d8, kitunda kikisogea e7 kinamtishia, anarudi e8 mbele yake, na sasa nyeupe wana mawili: kukiacha kitunda kiliwe, au kusimama e6 na kumnyima mweusi pa kusogea. Vyote ni sare. Kipengele cha pili ni kitunda cha pembeni, cha safu ya a au ya h. Mfalme mweusi akiwahi pembe iliyo mbele ya kitunda hicho, hatolewi, kwa maana ubao umeisha na hakuna upande wa pili wa kumzungukia. Mwenye kitunda cha katikati ana utajiri ambao mwenye kitunda cha pembeni hana, ingawa vyote ni kitunda kimoja.

Pingamizi la kwanza najua litatoka kwa walio karibu na kompyuta: kazi hii mashine zilishaimaliza, ya nini kumsumbua mtoto? Ni kweli zimeimaliza. Hali zote za mfalme na kitunda dhidi ya mfalme zinahesabika: kitunda kina mahali 24 tu pa kusimama ukichukulia kuwa kulia na kushoto ni sawa, kila mfalme ana visanduku 64, na zamu ni ya mmoja kati ya wawili. Zidisha, unapata 196,608, na humo zimo nyingi zisizowezekana kwa kanuni. Majibu yote, ushindi au sare, yanaenea kwenye faili la kilobaiti 24, dogo kuliko picha moja ya simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moscow walifika mbali zaidi: mwaka 2012 walikamilisha jedwali la michezo yote yenye kete saba au pungufu, lenye ukubwa wa terabaiti 140 hivi. Lakini tazama mashine ilivyofanya. Haikuanza na mwanzo wa mchezo. Ilianza na hali zilizokwisha, pale ambapo jibu halina ubishi, ikarudi nyuma hatua moja, ikauliza nani angeweza kufika hapo, ikarudi nyingine, mpaka hali zote zikapata jina. Mwaka 1913 mwanahisabati Mjerumani Ernst Zermelo alikuwa ameshaonyesha kwa hoja kwamba mchezo wa aina hii una jibu lililokwisha kuwapo, hata kama hakuna aliyelipata. Hiyo ndiyo njia tunayotaka mtoto aimiliki, na si ngeni bondeni: mkulima wa mpunga wa Kilombero huanza na siku ambayo maji yatajaa mbugani, akarudi nyuma mpaka siku ya kupanda, mpaka ya kulima, na hapo ndipo anajua kama amechelewa. Kikokotoo kimekuwapo miaka mingi na hatujaacha kufundisha kuzidisha. Jedwali la mashine linakupa neno moja, ushindi au sare. Halikupi sababu, na sababu ndiyo inayomfaa mwanadamu.

Hapa nigusie mitihani, kwa kuwa ndiyo inayonifanya nilione jambo hili kuwa la haraka. Tangu 2012 sehemu kubwa ya mtihani wa hisabati wa darasa la saba hujibiwa kwa kutia kivuli kwenye herufi. Nafahamu sababu zake: watahiniwa ni wengi mno, na mashine husahihisha haraka na bila kuchoka. Lakini mtoto aliyezoea kuchagua herufi anazoea pia kwamba jibu liko mahali fulani, limefichwa na mtu, na kazi yake ni kulibahatisha au kulikumbuka. Kisha tunashangaa kwamba miaka nenda rudi wanaofaulu hisabati kidato cha nne hawafiki hata theluthi moja ya watahiniwa. Sisemi herufi ndizo zilizosababisha. Matatizo ya walimu, vitabu na lugha ya kufundishia ni makubwa kuliko hayo. Nasema tu kwamba katika miaka saba ya shule mtoto anaweza asikutane hata mara moja na hali ambamo jibu bila sababu halina thamani. Katika mfalme na kitunda, anayebahatisha atapatia nusu ya mara, kwani majibu ni mawili. Kwa hiyo jibu tupu halipewi maksi. Maksi ni za njia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silikwepi. Watetezi wa sataranji mashuleni hupenda kuahidi kwamba itapandisha alama za hisabati. Uingereza ililipima jambo hilo kwa uangalifu: shule za msingi 100, watoto wa miaka tisa na kumi, nusu ya shule zikipewa masomo 30 ya sataranji kwa mwaka na nusu zikiendelea kama kawaida. Ripoti iliyotoka 2016 ilisema kwamba mwaka mmoja baadaye hapakuonekana tofauti yoyote katika hisabati. Armenia iliifanya sataranji somo la lazima kwa madarasa ya chini tangu 2011, na huko wanaiamini sana, lakini imani ya taifa lenye mabingwa si kipimo. Kwa hiyo anayekuja Kiberege na ahadi kwamba vizibo vya soda vitainua ufaulu wa wilaya, arudishwe alikotoka. Mimi siahidi hilo. Watoto wa Uingereza walifundishwa mchezo mzima, wenye kete 32, ambamo hakuna mtu duniani anayejua jibu na ambamo mtoto anayeanza hucheza kwa kubahatisha kwa miezi mingi kabla ya kuanza kuhesabu. Huenda hata mfalme na kitunda visihamie kwenye alama za mtihani. Bado ningetaka vifundishwe, kama tunavyotaka watoto waimbe kwaya na kucheza ngoma bila kudai kwamba kwaya itaongeza alama za sayansi. Mtu kuonja mara moja katika utoto wake hali ya kujua kitu kwa hakika, na kukithibitisha kwa mikono yake, ni jambo lenye thamani yake lenyewe. Atakayeonja anaweza kulitafuta tena kwingine, na asipolitafuta, alilionja.

Wapo watakaosema kuanza na mwisho kutawachosha watoto. Wanataka farasi wanaoruka, ngome zinazopasua ubao, mfalme wa adui akifungwa katikati ya vita. Jibu la kwanza la pingamizi hili si langu. José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alipoandika kitabu chake cha misingi ya sataranji mwaka huohuo wa 1921, alikifungua kwa kumfunga mfalme mtupu na kupandisha kitunda, siyo kwa namna za kuanza mchezo, na aliendelea kushikilia kwamba mwanafunzi aanzie mwisho. Sababu yake ni rahisi kuifahamu: anayejua mwisho unavyokwenda anajua anachotafuta katikati. Jibu la pili lipo jirani yetu. Katwe, mtaa wa Kampala ambako Robert Katende alianzisha mafunzo ya sataranji kwa watoto wa mtaani, ndiko alikotoka Phiona Mutesi, aliyepata cheo cha kimataifa katika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul ya 2012 na ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016. Aliyemwonyesha hatua za mwanzo alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Hilo ndilo ninalotaka tulichukue kutoka Katwe, zaidi ya filamu: mtoto anaweza kumfundisha mtoto, ilimradi kinachofundishwa ni kidogo, kimekamilika, na kina jibu. Mchezo mzima unahitaji mwalimu anayeujua. Kete tatu zinahitaji mwanafunzi mmoja aliyeelewa wiki iliyopita.

Kuhusu ugeni wa mchezo, sioni kesi kubwa. Sataranji ilitoka India ikapita Uajemi na Uarabuni, na pwani yetu iliifahamu kwa njia ya jahazi kama ilivyofahamu mengi mengine. Anayesema tungefundisha bao badala yake ananigusa zaidi, maana bao la Kiswahili ni mchezo mkubwa. Mashimo 32, kete 64, na bingwa wa Zanzibar anaweza kuhesabu kichwani mzunguko wa kete unaomshinda mgeni kuufuata hata kwa macho. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika kitabu kizima mwaka 1995 akichunguza uwezo wa mabingwa hao. Ningefurahi bao lirudi mashuleni. Lakini ugumu wake ndio unaolifanya lisifae kwa kazi hii mahsusi: hali ndogo ya bao ambayo mtoto anaweza kuimaliza yote na kusema "hapa hakuna kilichobaki" si rahisi kuipata. Kwa wanaohofia kamari, hofu yao ina msingi katika vijiwe vyetu, na kanuni iwe wazi kwamba hakuna hata shilingi inayowekwa. Iran ilipiga marufuku sataranji baada ya mapinduzi ya 1979, ikairuhusu 1988 kwa sharti hilohilo, na leo ina mabingwa wakubwa.

Nirudi kwenye uchovu, kwa sababu sijamaliza kuujibu. Anayedhani kete chache zina uzuri mchache hajaona swali alilolitunga Richard Réti mwaka 1921. Mfalme mweupe yuko h8, pembeni kabisa. Kitunda chake kiko c6. Mfalme mweusi yuko a6, kitunda chake h5. Nyeupe wanaanza, na wanaomba sare tu. Kwa mtazamo wa kwanza hakuna matumaini. Kitunda cheusi kimemtangulia mfalme mweupe kwa hatua mbili nzima. Mraba wake umeshapita. Kitunda cheupe nacho kitaliwa na mfalme mweusi aliye karibu, na mfalme wake yuko mbali mno kukilinda. Mambo mawili, yote hayawezekani. Lakini mfalme anatembea kimshazari: g7, f6, e5, na kila hatua inamsogeza kwa kiasi kilekile kuelekea kitunda cheusi na kuelekea kitunda chake mwenyewe. Kitunda cheusi kinakwenda h4 alipoingia g7. Alipofika f6, nyeusi wanapoteza zamu moja kumpeleka mfalme wao b6 kukizuia cheupe. Naye anaingia e5. Sasa nyeusi wakila c6, mfalme anakwenda f4 na yumo ndani ya mraba wa kitunda cha h. Wakikimbiza kitunda h3, mfalme anaingia d6, kitunda cheupe kinalindwa, na malkia wawili watazaliwa kwa zamu zinazofuatana. Sare. Njia ya mshazari kwenye ubao huu si ndefu kuliko njia iliyonyooka, na mfalme ametumia safari moja kwa haja mbili. Mtoto anayejua mraba peke yake ana zana zote za kulifuata swali hili mpaka mwisho, na nadhani kulinyima darasa swali zuri kiasi hicho kwa hofu kwamba watachoka ni kuwadharau watoto.

Kinachohitajika basi ni kidogo, na hakingoji bajeti ya wizara. Ubao upo kijiweni, na palipokosekana unachorwa kwa chaki sakafuni. Vizibo vitatu vinawatosha wanafunzi wawili: mfalme mmoja wa kufunuliwa, mmoja wa kufunikwa, na kitunda chenye alama ya wino. Walimu wakuu wa shule za msingi za kata wanaweza kukubaliana kipindi kimoja kwa wiki katika muda wa michezo, kisha mwisho wa muhula washindanishe shule kwa namna tofauti na mashindano tuliyoyazoea: timu hazichezi mchezo kamili, zinapewa hali kumi za mfalme na kitunda, zinatamka ushindi au sare kwa kila moja, kisha timu pinzani ina haki ya kukataa na kuchezea upande wake mpaka ionekane nani alisema kweli. Hakuna haja ya mwamuzi aliyesoma kanuni za kimataifa. Mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yana nafasi ya mpira, netiboli na riadha, na mtoto asiye na mbio wala kimo hushangilia tu pembeni. Hapa angekuwa na chake. Gereza la Kiberege nalo lingefaa kufikiriwa, kwa kuwa Shirikisho la Sataranji la Dunia limekuwa likishirikiana na magereza ya nchi mbalimbali tangu 2021, na ubao wa chaki haupingani na usalama wa mahali popote. Kwa upande wa shule, muhula wa pili unaoanza Julai unafaa kuliko wa kwanza: mpunga mwingi unakuwa umeshavunwa, na watoto hawahitajiki tena shambani kufukuza ndege.